Ultrasaundi si ya wajawazito peke yao

Bujumbura ukitaja ekografi, jina la Kifaransa la ultrasaundi, mtu hufikiria mtoto tumboni. Hata sera imefuata njia hiyo. Tangu Mei 2006 Burundi imewaondolea malipo wanawake wanaojifungua na watoto wa chini ya miaka 5. Ulikuwa uamuzi mzuri. Ila mwanamke anayeumwa chini ya kitovu, tumbo linakua na mimba hana, hayumo katika msamaha huo.

Ajabu ni kwamba mashine hii ilipata sifa kwa mgonjwa kama yeye. Mwaka 1958 Profesa Ian Donald wa Glasgow alichapisha katika jarida la Lancet habari za mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani ya tumbo isiyopasulika. Ultrasaundi ilionyesha uvimbe wa maji kwenye ovari. Ukatolewa.

Uvimbe mwingi wa ovari kwa wanawake wanaoendelea kupata hedhi si saratani. Kifuko cha maji chenye ukuta laini, kisicho na nyama ndani, mara nyingi hutoweka chenyewe baada ya hedhi mbili tatu. Mgonjwa anahitaji kupimwa tena, hahitaji kisu. Fibroidi nazo huonekana, mahali zilipo na ukubwa wake. Tangu 2008 wataalamu wa kundi la kimataifa la IOTA wameweka dalili 5 za uvimbe usio na hatari na 5 za unaotia shaka, zote za kusomwa kwenye skrini.

Lazima awepo wa kuzisoma. Bila yeye mashine ni runinga tu, na cheti kinachosema “uvimbe upo” bila maelezo humtisha mgonjwa hadi auze shamba atibiwe nje.

Na nje kwenyewe si karibu tena. Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, barabara ya Kigali ilikatika. Picha, hata hivyo, haiulizwi pasipoti. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007, ina kituo cha umahiri wa saratani Uganda. Daktari wa Kamenge anayetilia shaka picha apate jibu la mwenzake wa Kampala siku hiyohiyo, kwa cheti cha mfumo mmoja. Nayo wizara ya afya mjini Bujumbura iingize katika msamaha kipimo cha kwanza cha mwanamke asiye na mimba.