TUPELEKENI MLIMANI, WAZAZI WETU

Ndugu msomaji, mwulize mwanafunzi yeyote wa hapa kwetu urefu wa Mlima Kenya. Atakujibu papo hapo: mita 5,199, kilele cha Batian. Sasa mwulize ni lini alipanda hata nusu yake. Atacheka! Atakuambia ati hiyo ni kazi ya wazungu wenye pesa. Jambo hili lanikera, nami nimeshika kalamu kulisema.

Maoni yangu ni haya: kila familia inayoishi chini ya mlima huu yafaa itenge siku moja ya likizo, ifunge chakula, ibebe mishipi na ndoana, iende kuvua katika ziwa la mlimani. Si lazima mfike kileleni. Liko Ziwa Ellis, upande wa Chogoria, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Gari likiwafikisha langoni asubuhi na mapema, mwaweza kutembea hadi ziwani na kurudi kabla ya jua kutua. Njiani kuna msitu mnene, halafu mianzi, kisha nyasi na vichaka vya nyanda za baridi. Yale tunayokariri katika Jiografia yamepangwa hapo kama ngazi.

Najua wazee watapinga. Wa kwanza atasema, "Mtembezi hula miguu yake." Kweli, mzee wangu, lakini kusikia si kuona. Wa pili atasema pesa ni za karo. Hilo ni zito, maana kuna gari, ada ya lango na leseni ya kuvua. Lakini familia mbili tatu zikichanga, gari moja latosha. Wa tatu atasema sisi si watu wa samaki. Naam, hata samaki mwenyewe ni mgeni! Trauti aliletwa nchini kutoka Uingereza mwaka wa 1905, ili walowezi wavue kama walivyozoea kwao. Walowezi walienda zao, samaki akabaki. Mbona tumwachie mtalii peke yake?

Tena kuna faida isiyouzwa sokoni. Nyumbani, wengi wetu huzungumza na baba siku ya ripoti ya mtihani tu, na mazungumzo yenyewe mnayajua! Lakini mkikaa kando ya maji saa mbili nzima mkingojea mshipi utikisike, mtazungumza nini kama si maisha? Hata msiponasa kitu, hamjarudi mikono mitupu. Na tafadhali, wasichana wasiachwe nyumbani ati wapike. Nao wana miguu.

Hata hivyo, mlima hauna mzaha. Bebeni masweta na makoti ya mvua, kwa kuwa mawingu hushuka ghafla alasiri. Anayeumwa na kichwa na kutapika asilazimishwe kuendelea. Ateremshwe mara moja. Msivue bila leseni. Takataka zenu rudini nazo. Na moto msiuchezee kabisa! Mwezi wa Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya msitu na nyika za mlima huu.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Maji ya mlima huu hulisha mito ya Tana na Ewaso Nyiro. Mto Tana nao huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na sehemu ya mwanga tunaosomea prepu hutoka huko. Barafu ya Lewis, tunayoisoma vitabuni, imeyeyuka hadi ikabaki kidogo sana. Nani ataulinda mlima huu kesho? Hawezi kuwa mtalii, maana ana ndege ya kurudi kwao. Ni sisi. Lakini mtu huona uchungu wa kitu anachokijua. Aliyekunywa maji ya ziwa hilo kwa kiganja, na mama yake kando, hatanyamaza akisikia misumeno msituni.

Wazazi wetu, mnatuambia kila siku kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Basi tukunjeni sasa. Likizo ya Agosti ikifika, tupelekeni mlimani.