Marejeo Huria Si Shamba la Bibi

Chini ya mchoro wa ua, katika muswada wa kitabu cha biolojia uliofika mezani kwangu mwaka jana, palikuwa na maneno mawili: "Chanzo: Intaneti." Mchoro wenyewe ulipendeza. Majina ya sehemu zake yalikuwa yamefutwa na kuandikwa upya kwa Kiswahili, petali, sepali, stameni, kazi ya mtu makini. Nilihangaika nusu saa, nikaukuta Wikimedia Commons, na jina la mchoraji na leseni yake vimeandikwa papo hapo. Mwandishi alivipita kama mtu apitaye kibao cha bei dukani.

Toleo hili ni la marejeo huria, nami naanza na kibao hicho. Wengi wetu tukisikia "huria" tunasikia "bure", na cha bure tunakifanya shamba la bibi: ingia, chuma, ondoka. Leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, si hivyo. Mwenye kazi hajaacha haki yake. Ametoa ruhusa mapema ili usimwandikie barua ukasubiri miezi. Makala za Wikipedia, ambazo tangu 2009 zina leseni ya CC BY-SA, unaweza kuzinakili, kuzitafsiri, hata kuziuza. Bei yake ni kumtaja mwenye kazi, kutaja leseni na mahali ulipoitoa, kusema umebadilisha nini, na kile ulichokizalisha humo kukiachia kwa masharti yaleyale.

Sharti hilo la mwisho linawatisha wachapishaji kuliko inavyostahili. Ukiweka picha kama ilivyo kati ya maandishi yako, maandishi yanabaki yako. Lakini ule mchoro wa ua, ambao nao una leseni ya CC BY-SA, ukishapewa majina mapya, umekuwa kazi iliyozaliwa na nyingine, na lazima utoke kwa CC BY-SA hata kama sura yote inayouzunguka ni ya mchapishaji. Basi ukurasa wa hakimiliki hauwezi kutangaza "haki zote zimehifadhiwa" kisha ukanyamaza. Kwa maneno hayo unamkataza mwalimu wa Mpanda kunakili kitu ambacho mwenyewe alishamruhusu. Hapa ndipo penye ugomvi wangu. Kusahau jina ni utovu wa adabu; kufunga mlango wa nyumba isiyo yako ni kosa la aina nyingine kabisa.

Wala si ugonjwa wa vitabu vya kiada tu. Mwaka 2010 Michel Houellebecq wa Ufaransa alikutwa na vipande vya Wikipedia ya Kifaransa katika riwaya yake La Carte et le Territoire, kimojawapo kikieleza habari za nzi wa nyumbani, bila kutaja vilikotoka. Riwaya ikashinda tuzo ya Goncourt hata hivyo. Mtu mmoja akaipandisha yote mtandaoni, akidai vipande vile vimeshaifanya huria. Hoja dhaifu, kwa maoni yangu: kuvunja sharti kunakufanya mkiukaji, hakukipi kitabu chako leseni mpya. Toleo la baadaye liliwashukuru Wikipedia na wachangiaji wake. Mistari michache tu, ambayo ingeweza kuwapo tangu mwanzo.

Sisi tunaotafsiri kutwa tuziangalie sana herufi ND katika jina la leseni, maana zinakataza kuchapisha tafsiri. Na kitabu cha kuuzwa kikae mbali na NC, zinazokataza matumizi ya kibiashara. Leseni za toleo la 4.0 zina huruma kidogo: ukirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu uligundue, ruhusa yako inarudi. Nakala elfu tatu zilizokwisha kusambazwa madukani, sijui utazirekebishaje kwa siku 30.

Kile kitabu cha biolojia kilikuwa bado hakijaenda kiwandani. Chini ya ua sasa pana jina la mchoraji, anwani, "CC BY-SA 4.0", na maneno "majina ya sehemu yametafsiriwa na mwandishi". Msanifu kurasa alinung'unika kwamba tumemlia mistari miwili. Tukapunguza ua kidogo.