Jina la Ukoo Halifanyi Mtihani

Kila mwalimu mgeni anapoita majina darasani kwetu, hufika kwenye jina la mwenzetu mmoja akatua. "Je, wewe ni wa ukoo wa Bwana Fulani?" huuliza. Mwenzetu husema ndiyo, na tangu siku hiyo huhesabiwa kuwa hodari. Mimi, ambaye jina la babu yangu halijulikani kupita soko la kijijini kwetu, huitika "Nipo," basi. Nakiri kwamba nilimwonea wivu kwa muda wa miaka mitatu.

Sasa naona wivu ule haukuwa na maana. Tuutazame ukoo wa Mazrui wa Mombasa. Wazee wao waliutawala mji ule hata 1837, Seyyid Said alipowaondoa. Utawala ulikwisha, lakini jina halikufa, kwa kuwa waliofuata walishika kalamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alamin Mazrui, mwandishi wa Kilio cha Haki, aliwekwa kizuizini mwaka 1982. Alipotoka hakuacha kuandika.

Lakini anayenifundisha zaidi ni Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin. Alipofanya mtihani wa Cambridge alipata daraja la tatu tu, na Makerere haikumpokea. Jina la baba halikumwongezea hata alama moja! Alifanya kazi ya ukarani, kisha akapata nafasi ya kusoma Uingereza. Mwaka 1963 aliingia Makerere ile ile, safari hii kufundisha, akawa profesa. Alifariki mwaka 2014, akazikwa Mombasa.

Sikatai kwamba nyumba yenye vitabu humsaidia mtoto. Lakini jina kubwa ni deni pia. Juzi bwenini mwenzetu yule aliniambia, "Ndugu yangu, wewe ukianguka, umeanguka peke yako. Mimi nikianguka, ukoo mzima utaulizwa." Nilimhurumia, na wivu ukanitoka.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wasitupime kwa majina, na wazazi wasituambie kwamba sisi si watoto wa wakubwa. Mwezi wa Novemba tutaandika namba juu ya karatasi, wala si jina. Mbele ya msahihishaji, mimi na yeye tutakuwa sawasawa.