Msitoboe boti kwa pesa ya maharage



Siku ya gulio lililopita niliulizwa swali moja na watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake. Kikundi kimeuza maharage, kimegawana faida, na baadhi ya wanachama wameweka pesa kwenye boti ya dagaa kule Ziwa Tanganyika. Sasa kuna fundi kawaambia wafunge sona, ile mashine ya kuonyesha samaki, na kwamba ili ifanye kazi ni lazima boti itobolewe chini. Swali lao: "Bwana samaki, tutoe pesa au tusitoe?"

Jibu nalitanguliza ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke nalo. Msitoboe. Sona mnaweza kuwa nayo mkitaka, lakini tundu hamlihitaji.

Najua wapo watakaokasirika, hasa wanaolipwa kwa kila tundu. Wakasirike. Mimi kazi yangu huku milimani ni mabwawa ya samaki, lakini stashahada yangu ni ya uvuvi na boti za mbao nimezipanda vya kutosha. Na kuna jambo nawadai maelezo, nitalisema hapa chini.

Sona inafanyaje kazi

Kifaa kinachokaa majini kinaitwa transdusa. Kinatuma sauti kwenda chini, sauti inagonga samaki au sakafu ya ziwa, inarudi, na mashine inahesabu muda. Sauti majini inakwenda karibu mita 1,500 kwa sekunde. Kama sakafu iko mita 75 chini yako, sauti inashuka na kurudi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kioo kinakuchorea kina na vivuli vya makundi ya samaki. Basi.

Fundi anasema sauti haipiti vizuri kwenye mbao. Hapo anasema kweli. Ndani ya mbao kuna hewa, na hewa inaizuia sauti. Kwenye boti ya faiba isiyo na uwazi katikati, transdusa inaweza kugundishwa kwa ndani na ikaona. Kwenye mbao haiwezi. Lakini kutoka hapo fundi anaruka moja kwa moja hadi kwenye kutoboa, kana kwamba maji yanapatikana chini ya boti tu. Maji yapo hata ubavuni! Transdusa ikifungwa kwenye mti au bomba na kushushwa ubavuni, inagusa maji yaleyale na kuona samaki walewale.

Kwa nini tundu halifai kwenye boti zetu

La kwanza: mbao inavimba ikiwa majini na kusinyaa ikiwa juani. Kila mwenye mpini wa jembe analijua hilo. Transdusa ya plastiki iliyobanwa kwenye tundu, mbao ikivimba, inaweza kupasuka shingo. Ndiyo maana kwa boti za mbao hushauriwa ya shaba, ambayo bei yake ni kubwa zaidi. Muulizeni fundi wenu anafunga ipi.

La pili: boti zetu hazina bandari ya kuelea. Zinavutwa mchangani, zinasukumwa, zinaburuzwa juu ya mawe. Kitu kinachochomoza chini ya boti kitagongwa. Kikigongwa mara ya ishirini, kinalegea.

La tatu, na hili wengi hawalifikirii: mapumziko ya ziwa. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi jirani tunazochangia nazo ziwa. Miezi mitatu hiyo ni kiangazi kitupu. Boti inakaa nchi kavu, mbao zinakauka na kusinyaa, pamba ya kalafati inalegea. Fundi mzuri akirudisha boti majini anakalafati upya maungio ya mbao. Ni nani anayekumbuka kufungua na kubana upya tundu la sona?

Sasa tupige hesabu. Transdusa nyingi za kutoboa zinataka tundu la kama milimita 50, upana wa kifuniko cha chupa kubwa. Likiwa nusu mita chini ya usawa wa maji na kifaa kikatoka, maji yanaingia zaidi ya lita 200 kwa dakika. Hilo ni pipa zima kila dakika. Kwa ndoo ya lita 10 unatakiwa uchote ndoo 20 na zaidi kwa dakika, usiku, huku boti ikiyumba, na huku mwenzako anatafuta tundu liko wapi chini ya nyavu.

Ninachodaiwa mimi

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha kikundi kimoja kilichokuwa na jambo hilihili. Mzee mmoja aliniuliza, "Wewe mtaalamu unasemaje?" Nikajibu, "Fundi ndiye anayejua." Nilikuwa na haraka ya kuwahi usafiri, na sikutaka kuonekana napinga maendeleo.

Boti ikatobolewa. Msimu wa kwanza ikatulia. Ikaja kukaa nchi kavu wiki kadhaa, ikarudi majini, na usiku wa pili ikaanza kuingiza maji pembeni mwa kile kifaa. Vijana wanne walichota maji hadi wakaishiwa nguvu. Boti ya jirani iliona taa zao zikizimika moja baada ya nyingine ikaenda kuwatoa. Hakufa mtu. Wavu, betri na taa vilikwenda chini, pamoja na akiba ya kina mama waliolima maharage misimu miwili. Kati ya wale vijana, wawili hawakujua kuogelea, na jaketi okozi ndani ya boti lilikuwa moja.

Kikundi kilinilaumu kidogo tu, kwa heshima. Mimi najilaumu zaidi. Ndiyo sababu leo sisemi "fundi ndiye anayejua".

Na ninyi wenye hisa, mnisamehe nikisema wazi. Ukiwa Kasulu au Kibondo usiku unalala kitandani. Anayekalia lile tundu ni mtoto wa mtu mwingine. Kabla hujainua mkono kikaoni kupitisha matumizi, jiulize kama ungempandisha mwanao kwenye boti hiyo usiku wa upepo. Kama jibu linakwama kooni, usiinue mkono.

"Lakini inaona hadi mita 1,000!"

Hiki ndicho kivutio cha wauzaji. Ziwa letu lina kina cha hadi mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, kwa hiyo namba kubwa inasikika vizuri. Ila oksijeni ya kutosha samaki inaishia kiasi cha mita 100 upande wa kaskazini na kama 200 upande wa kusini. Chini ya hapo hakuna dagaa wala mgebuka. Ukilipia mashine ya kuona mita 1,000, umelipia kutazama maji matupu. Tena dagaa wenyewe usiku wanapanda juu, na taa ndiyo inayowakusanya.

Wauzaji wana hoja moja ya haki, nami siifichi. Sona inaweza kumsaidia nahodha kujua pa kuwasha taa bila kuzunguka sana, akapunguza mafuta. Ni kweli. Lakini haiongezi samaki ziwani hata mmoja. Kati ya 1995 na 1998 meli ya utafiti Tanganyika Explorer ilizunguka ziwa kwa sona ili kukadiria samaki waliopo. Na tafiti zilizochapishwa 2003 zilionyesha kuwa maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kimepungua. Ni sawa na shamba ambalo samadi imezikwa kina ambacho mizizi haifiki. Ukinunua darubini ya kuangalia mahindi, mavuno hayaongezeki.

Kama mmeamua kufunga sona, fungeni hivi

1. Tumieni mti mgumu ulionyooka au bomba, transdusa ikae ncha ya chini, uso wake ukitazama chini sawasawa.
2. Fungeni ubavuni katikati ya boti, mbali na injini. Mapovu ya pangaboi yanaiziba sona macho.
3. Transdusa izame chini kidogo ya tumbo la boti, na mti uwe wa kuinuliwa. Boti ikikaribia mwalo, inueni.
4. Tumieni betri ya volti 12 yenye fyuzi, na waya uwe mbali na maji ya ndani ya boti.
5. Jaribuni pasipo na kina kikubwa, mkilinganisha na kamba yenye chubwi. Zikipishana sana, rekebisheni kabla ya kwenda mbali.

Kama boti yenu imeshatobolewa, msizibe kwa matambara na gundi. Ivuteni nchi kavu, fundi boti aondoe kile kifaa na kubadilisha kipande cha ubao au kukiziba kwa ubao wa kudumu, kisha ikaguliwe kabla ya kurudi kazini. Hadi siku hiyo, fungeni kwa kamba pembeni ya tundu kizibo cha mti laini kilichochongwa kwa kipimo chake, na nyundo iwe karibu.

Pesa iende wapi kwanza

Jaketi okozi kwa kila mtu anayepanda boti. Hili halina mjadala.

Kisha vichanja vya kuanikia dagaa. Mfanyabiashara unayenunua mwaloni Kibirizi au Katonga na kuuza Kasulu unajua hasara yako iko wapi: dagaa wenye mchanga, dagaa waliolowa mvua wakaoza, gunia linalokataliwa sokoni. Samaki huyo sona ilishamwona, wavu ulishamkamata, na bado amepotea. Kichanja cha miti na wavu kinamwokoa, na hakihitaji kutoboa chochote.

Sona ije baada ya hayo, kama pesa imebaki, na ikae ubavuni.

Kikundi chenye kikao karibuni kinijulishe mapema, nitakuja. Safari hii sitakuwa na haraka ya kuwahi usafiri.

Afisa ugani wenu