Kelele za Difu ya Mbele

Wahenga walinena kwamba mwenye kelele hana neno. Huenda ni kweli kwa wanadamu, lakini kwa motokaa si kweli hata kidogo. Motokaa ipigayo kelele ina neno lake, na dereva asiyejua kulisikiliza huja kulilipia kwa fedha nyingi, na pengine kwa usalama wa abiria wake.

Katika Kilifi, tangu Mambrui hata Marafa, na tangu Kakuyuni na Jilore kuelekea Lango la Sala la Mbuga ya Tsavo Mashariki, ziko njia za mchanga na udongo ambazo wakati wa masika hazipitiki kwa urahisi ila kwa gari livutalo kwa magurudumu yote manne. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na Toyota Land Cruiser, zimezoeleka sana katika njia za namna hiyo. Gari moja tu likilala, mgonjwa hukosa njia ya kufika hospitali ya Malindi, na maembe ya mkulima huozea shambani. Kwa hiyo yafaa kila dereva ajue kelele za difu ya mbele na maana zake.

Difu ni sanduku la chuma lililo katikati ya ekseli. Ndani yake gia ndogo iitwayo pinioni, ambayo huzungushwa na propela, huizungusha gia kubwa iitwayo krauni. Ziko pia gia nyingine zinazoyawezesha magurudumu mawili kwenda mwendo usio sawa gari likatapo kona, maana gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani.

Kabla ya kuishtaki difu, dereva na ajitazame mwenyewe kwanza. Aghalabu mtu hutoka Marafa katika mchanga, akaingia barabara ya lami ya Malindi, akasahau kurudisha wenzo wa magurudumu manne. Katika magari mengi ya namna hii hakuna difu ya kati. Kwa hiyo ekseli mbili zikifungwa pamoja juu ya lami kavu, hujikaza zikashindana. Usukani huwa mzito, wenzo hukataa kutoka, na mshindo mkubwa husikika chini ya sakafu. Hapo difu haijaharibika, bali inaonewa. Na ikizidi kuonewa, itaharibika kweli. Tairi za mbele zisizolingana ukubwa na za nyuma huleta taabu iyo hiyo.

Ikiwa kosa si hilo, kipo kipimo kisichogharimu hata senti moja. Magari mengi yana habu za mbele zinazofungwa na kufunguliwa kwa mkono. Zifunguliwe habu zote mbili, wenzo uwekwe katika magurudumu mawili, gari liendeshwe. Hapo magurudumu huzunguka peke yake, bali difu ya mbele na propela yake hutulia. Kelele ikiwa bado ipo, haitoki katika difu hiyo. Itafutwe katika beringi za magurudumu, katika tairi, au nyuma. Kisha habu zifungwe, wenzo ukiwa pale pale. Sasa difu inazunguka bila kuvuta mzigo. Mwisho, wenzo uingizwe katika magurudumu manne, lakini juu ya mchanga tu. Kelele inayokuja habu zifungwapo, na kwenda zake zifunguliwapo, imo katika ekseli ya mbele au propela yake. Wako watu walionunua difu nzima, kumbe iliyokufa ni beringi ya gurudumu.

Namna ya kelele nayo hueleza mengi. Mlio mwembamba wa kulia, unaobadilika mguu ukanyagapo mafuta na kuachia, hutoka katika meno ya krauni na pinioni au katika beringi za pinioni. Mngurumo unaofuata mwendo wa gari, unaoongezeka au kupungua gari likatapo kona, mara nyingi ni wa beringi ya gurudumu. Mlio wa ka-ka-ka usukani ukiwa umezungushwa hata mwisho hutoka katika jointi za ekseli karibu na gurudumu. Mgongo mmoja mzito wakati wa kuondoka, au wa kubadili kutoka mbele kwenda nyuma, ni wa jointi za propela zilizolegea au meno yaliyolika. Bali kishindo kirudicho kwa hesabu, kimoja kwa kila mzunguko wa gurudumu, huonya kwamba huenda jino la krauni limevunjika.

Baada ya kusikiliza, yatazamwe mafuta. Gari lisimame mahali pa sawa, na nati ya kujazia ifunguliwe kabla ya ile ya kutolea. Maana akitoa mafuta kwanza, kisha nati ya kujazia ikakataa kufunguka, gari limekwama. Uji mwembamba wa kijivu katika nati yenye sumaku si ajabu, lakini vipande vya chuma ni hatari. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingiwa na maji. Difu iliyopata moto ikitumbukizwa ghafula katika maji, kama ya mto Sabaki au ya pwani, hewa iliyomo ndani hupoa na kunywea, ikavuta maji kupitia sili zilizochakaa. Kwa hiyo kijibomba cha kupumulia kisizibwe na tope, na baada ya kuvuka maji mengi mafuta yachunguzwe upesi.

Anayetaka kuinua gari ili azungushe magurudumu kwa mkono, na alikingie mawe magurudumu yanayobaki chini, kisha aliegemeze juu ya magogo imara, si juu ya jeki peke yake. Breki ya mkono isitegemewe: katika Land Rover nyingi za zamani hushika propela wala haishiki gurudumu, na gurudumu moja likiinuliwa gari laweza kuteremka. Injini isiwashwe kamwe wakati huo.

Mwenye gari akiona vipande vya chuma, au akisikia kishindo cha hesabu, asipakie abiria hata mmoja. Jino lililovunjika likikwama kati ya gia wakati gari liko mbioni, magurudumu ya mbele yaweza kufungika ghafula, na usukani usitii. Mwenye habu za kufungua na azifungue, awasha taa za tahadhari, aende polepole hata kwa fundi. Asiye nazo na avutwe, magurudumu ya mbele yakiwa yameinuliwa juu ya ardhi. Nauli ya siku moja hupatikana tena kesho.