Watoto wako likizo: siku yao inapangwa na nani?

Mpendwa msomaji, tumo katika mwezi wa Juni, mwezi ambao Kanisa huuheshimu kwa ibada ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Ni mwezi ambao pia shule zetu nyingi zimefungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Kwa takriban mwezi mmoja watoto wa shule za awali na wa madarasa ya chini wako nyumbani kutwa nzima, na katika kila mtaa wazazi wanaulizana swali lile lile: hawa watoto tuwafanyeje?

Majibu tunayoyaona ni mawili. Jibu la kwanza ni kumwacha mtoto na runinga. Anaamka saa anayotaka, anakunywa chai mbele ya katuni, anapewa simu ili asisumbue, na usiku analala sebuleni pale usingizi utakapomkuta. Jibu la pili ni kumrudisha darasani. Shule imefungwa Ijumaa, Jumatatu mtoto wa miaka sita anabeba tena begi kwenda tuisheni, kwa sababu mzazi anaogopa wenzake watampita. Viongozi wetu wa elimu wamekemea jambo hili mara nyingi. Jirani zetu wa Kenya wameliandika kabisa katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kwamba mwanafunzi asiwekewe masomo ya ziada wakati wa likizo. Hata hivyo tuisheni za likizo zinaendelea, huku na huko.

Majibu haya mawili yanaonekana kupingana, lakini yana mzizi mmoja. Yote yanatoka katika nyumba ambayo haina siku yake yenyewe. Shule inapofunguliwa, kengele ya shule ndiyo inayotuamsha, inayotupa saa ya kula na saa ya kulala. Kengele ikinyamaza, tunagundua kwamba sisi wenyewe hatukuwa na mpangilio wowote. Tulikuwa tumeazima wa mwalimu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu Tanzania. Mwaka 2023 Serikali ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sababu iliyotolewa ilikuwa njema: mtoto mdogo akue karibu na wazazi na jamaa zake, apate upendo na malezi yao. Wazazi wengi waliupokea uamuzi ule kwa manung'uniko, na baadhi walisema wazi kwamba bweni lilikuwa linawasaidia. Basi mtoto amerudishwa nyumbani. Swali linalobaki haliwezi kujibiwa na waraka wa Wizara: nyumba iliyompokea inampa nini kuanzia asubuhi hadi jioni?

Tusidhani kwamba saa zisizo na mwenyewe ni jambo dogo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulionesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Miaka imepita tangu utafiti ule, lakini fundisho lake halijazeeka. Mtoto ambaye hakuna anayejua yuko wapi saa nane mchana yuko hatarini, hata kama mtaa wetu ni mtulivu na majirani ni watu wa sala. Ratiba ya siku, pamoja na mema yake mengine, ni ulinzi. Nyumba ambayo kila mtu anajua kwamba saa saba mtoto anakula na saa nane amelala, hugundua mapema kwamba mtoto hayupo.

Tutazame sasa Neno la Mungu. Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, Mungu anaumba kwa mpangilio: siku baada ya siku, kila siku na kazi yake, na mwishoni pumziko. Na siku ile ya Biblia inahesabiwa kuanzia jioni, kisha asubuhi. Watu wa pwani wanalielewa hili vizuri, maana kwao usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, kinamwagiza mzazi awafundishe watoto wake amri za Bwana aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Musa hakuweka kipindi cha dini cha dakika 40. Aliweka mafundisho ya imani ndani ya mwenendo wa kawaida wa siku. Na Luka, katika sura ya 2, anatuambia kwamba Yesu alirudi Nazareti pamoja na Maria na Yosefu, akawatii, akakua katika hekima na kimo. Miaka mingi ya Mkombozi wetu ilipita katika siku za kawaida za nyumba ya fundi. Papa Paulo VI alipohiji Nazareti tarehe 5 Januari 1964, aliitaja nyumba ile kuwa shule, na masomo aliyoyaona pale ni ukimya, maisha ya familia na kazi.

Mapokeo ya Kanisa yanatufundisha pia kwamba utaratibu hauna budi kuwa na huruma. Wanaoishi jirani na abasia za Peramiho na Ndanda wanazijua kengele za Wabenediktini, zinazogawa siku kati ya sala, kazi na pumziko. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto iliyoandikwa katika karne ya 6 ni kali kuhusu saa. Lakini sura yake ya 37 inawaonea huruma wazee na watoto, na kuwaruhusu kula kabla ya saa iliyowekwa. Mtakatifu huyo alijua kwamba tumbo la mtoto halisomi saa. Papa Fransisko naye, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwaonya wazazi wasitamani kuitawala kila hatua ya mtoto, kwa maana kumdhibiti mtu siko kumlea.

Kwa hiyo mpangilio wa likizo usiwe karatasi ya vipindi iliyobandikwa ukutani kama ya shule. Mtoto mdogo anahitaji nguzo chache zisizohamishwa, na kati ya nguzo hizo aachiwe uhuru. Napendekeza nguzo nne: usingizi, sala, kazi na chakula cha pamoja.

Tuanze na usingizi, kwa kuwa siku huanza jioni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, na kwamba muda wake wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja. Tupige hesabu. Mtoto tunayetaka aamke saa 12:30 asubuhi awe amelala saa 2:30 usiku, na hapo tumempa saa 10 tu, kile kiwango cha chini. Usingizi wa mchana ndio utakaoongezea. Familia inayoangalia tamthilia hadi saa nne huku mtoto amejikunja kwenye kochi imekwisha kuiharibu kesho yake.

Nguzo ya pili ni sala. Asubuhi mtoto afanye ishara ya msalaba na aseme sala fupi ya kumshukuru Mungu kwa kumwamsha. Kabla ya kula abariki chakula. Jioni amtaje Mungu jambo moja jema la siku ile na mtu mmoja wa kumwombea. Dakika tatu zinatosha. Sala fupi inayosaliwa kila siku saa ile ile humjengea mtoto imani kuliko rozari nzima anayosinzia ndani yake mara moja kwa mwezi. Watoto walio katika Utoto Mtakatifu parokiani wamekwisha kuzoea kuwaombea wenzao. Tuwape nafasi ya kufanya hivyo nyumbani.

Nguzo ya tatu ni kazi. Hapa mtoto wa mjini na wa kijijini wana mahitaji tofauti. Wengi wa mjini hawana kazi kabisa. Wana miaka saba na hawajawahi kuosha kikombe, kwa sababu yupo dada wa kufanya. Huyu apewe kazi yake, moja tu na ya kila siku: kukunja shuka, kufagia uwanja, kuchambua mchele, kulisha kuku. Iwe kazi ambayo asipoifanya itaonekana haikufanyika. Huko Ruvuma na Mbeya mwezi huu ni wa kuvuna mahindi, na mtoto wa kijijini huenda anaamshwa alfajiri kwenda shambani na kurudi jioni amechoka. Huyu anachohitaji ni kuwekewa saa ya kucheza, na mzazi aiheshimu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu imeuridhia, unataja pumziko na mchezo kuwa haki ya mtoto. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990 unatambua haki hiyo hiyo, na pia unamkumbusha mtoto wajibu wake wa kuwaheshimu wazazi na kuisaidia familia. Kazi na mchezo vyote ni vyake, na vikae pamoja katika siku moja.

Nguzo ya nne ni chakula cha pamoja, walau mara moja kwa siku, runinga ikiwa imezimwa na simu ya baba ikiwa mbali. Mezani au mkekani ndipo mtoto anapojifunza kungoja zamu, kumgawia mwenzake na kusimulia habari bila kukatizwa. Baada ya hapo, kabla ya kulala, kuna hazina ambayo haihitaji umeme wala bando: hadithi na vitendawili. Mtoto anayejibu "Tega!" kila jioni anakuza lugha na akili kuliko anayekaririshwa herufi kwenye tuisheni. Muda wote unaobaki kati ya nguzo hizi ni wake. Acheze rede, mdako au kombolela, achore mavumbini, achoke, hata aseme hana la kufanya. Mtoto akiachwa kidogo katika hali hiyo hutafuta mwenyewe mchezo wa kubuni.

Najua jibu la wengi: "Padri, mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Ratiba hiyo ataisimamia nani?" Swali hili ni la haki. Mama anayeuza chakula Kariakoo na kuishi Chanika hawezi kuwa nyumbani saa sita mchana. Ndiyo maana nguzo ni chache. Mzazi asiyekuwepo mchana ashike mbili za mwisho wa siku, sala na usingizi, asiziache kwa gharama yoyote, na akubaliane wazi na anayebaki kuhusu mbili nyingine.

Anayebaki mara nyingi ni bibi au dada wa kazi. Tuwatendee haki. Dada wa kazi asiyeelezwa lolote zaidi ya "angalia watoto" hutumia runinga kwa sababu ndicho kifaa pekee alichoachiwa. Aelezwe utaratibu, apewe mamlaka mbele ya watoto, naye awe na saa yake ya kupumzika. Tukumbuke pia kwamba sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Tusilee watoto wetu kwa kumnyima utoto mtoto wa mwenzetu.

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zina sehemu yao. Jumuiya ya familia 15 ikipanga zamu, kila mchana watu wazima wawili wanaoaminika, wakiwa pamoja na mahali pa wazi, wanaweza kuwaangalia watoto wa familia zote wanapocheza. Kila familia itapata zamu mara chache tu katika likizo nzima. Parokia zenye uwanja na ukumbi uliofungwa hadi Jumapili zifungue milango. Waajiri Wakristo nao wajiulize kama mwezi huu hawawezi kumruhusu mama mwenye watoto wadogo atoke saa moja mapema.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Likizo inatupima katika fundisho hilo, kwa sababu ratiba ya mtoto humfunga kwanza mzazi. Hatuwezi kumwambia mtoto azime katuni wakati sisi tunachati hadi usiku wa manane, wala kumwambia asali wakati hajawahi kutuona tumepiga magoti.

Mpendwa msomaji, usingoje kesho asubuhi. Anza jioni ya Dominika hii. Zima runinga saa moja na nusu, mleni pamoja, salini kwa ufupi, mpe mtoto hadithi moja, na saa mbili na nusu awe amelala. Moyo Mtakatifu wa Yesu uzilinde familia zetu na watoto wetu wote walio likizo.