Mulevi anatoka gerezani: nani anamupokea?

Katika magereza ya mashariki mwa Kongo, kijana anaweza kuingia juu ya wizi wa telefone. Lakini ukiuliza jamaa yake, watakuambia mambo yalianza na kanyanga, bangi ao tembe za tramadol. Gereza linafunga mwizi. Ugonjwa uliomutuma kuiba, hakuna anayeuandika.

Siku za kwanza ni za hatari. Mutu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, akikatishwa mara moja, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwako, hata kushikwa na kifafa ndani ya siku mbili tatu. Wenzake wanaweza kusema amerogwa ao anajifanya. Hapana: ni ugonjwa, na bila munganga unaweza kuua.

Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema wazi kwenye kanuni ya 24: mufungwa anapashwa kutunzwa sawa na raia wa inje, bila malipo, na matunzo yasikatike, hata kwa wale wanaotawaliwa na madawa ya kulevya. Kwetu hali ni ingine. Gereza la Munzenze, Goma, lilijengwa kwa watu 350 hivi, lakini kwa miaka lilifunga maelfu. Pahali pa musongamano kama huo, munganga anahangaika kwanza na kifua kikuu na njaa. Mulevi anangoja.

Kuna shida ingine isiyosemwa sana. Wafungwa wetu wengi hawajahukumiwa bado. Kutunza ulevi kunaomba muda: siku za kusafisha mwili, kisha miezi ya mazungumuzo na kufuatiliwa. Lakini asiyehukumiwa hajui atatoka lini. Asubui parketi inamuachilia, jioni yuko kwenye kartie. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa mubaya zaidi: maelfu walitoka Munzenze, kisha gereza kuu la Bukavu, katikati ya vita, bila karatasi wala dawa. Ndiyo maana matunzo hayawezi kungojea tarehe ya kutoka. Yaanze siku ya kuingia.

Na inje, hatari inapanda. Anakuta marafiki walewale na bila kazi. Mwili umepoteza mazoea: kiasi cha tramadol alichomeza zamani bila shida, leo kinaweza kumukatia pumzi. Wiki mbili za kwanza ndizo mbaya kupita zote.

Pa kutunzwa papo. SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma, vituo vya Bafrère de la Charité, kwa miaka mingi vinapokea wagonjwa wa akili, na walevi pia. Kinachokosekana ni njia kati ya mulango wa gereza na mulango wa kituo. Njia hiyo haiombi mamilioni: karatasi moja ya munganga wa gereza, telefone moja kwa jamaa, makuta ya moto.

Jamaa nayo iko na kazi yake. Mutoto akitoka, wengi wanamupokea na chupa za bia, kwa furaha. Kwa mulevi, chupa hiyo ni njia ya kurudi ndani. Mupikieni chakula, mukae naye, kisha kesho yake mumusindikize kwa munganga.